Creuser: Kitenzi Kimoja na Nafsi Zake Sita

Karibu na mji wa Kolwezi, katika mkoa wa Lualaba, kuna machimbo makubwa ya wazi yaitwayo Mashamba. Moja ni Mashamba ya Mashariki, la pili ni Mashamba ya Magharibi. Mgeni asikiaye jina hilo hudhani ataonyeshwa mihogo na mahindi. Kumbe hakuna jembe huko. Ataona shimo lenye ngazi pana za udongo, na magari makubwa yanayopanda na kushuka yakibeba mawe ya shaba na kobalti.

Kitenzi kikubwa cha nchi hiyo, basi, si kulima, ni kuchimba. Kwa Kifaransa husemwa creuser, na watu wachimbao wenyewe kwa sululu na koleo huitwa creuseurs. Hata bibi mzee asiyejua Kifaransa hulijua jina hilo, maana pengine mwanawe au mjukuu wake ni mmoja wao. Lakini kujua jina ni jambo moja, na kukigeuza kitenzi kwa nafsi na nyakati zake ni jambo jingine. Hili la pili ndilo somo ambalo watoto hulileta nyumbani katika madaftari yao, juu ya ukurasa likiwa limeandikwa conjugaison.

Tumeona yafaa leo kulitazama somo hilo pamoja na wasomaji wetu, wazazi kwa wanafunzi. Wengi huliona kuwa kazi ya kukariri tu, ya kupita mtihani na kusahau. Sisi twasema sivyo. Herufi moja mwishoni mwa kitenzi yaweza kuwa tofauti kati ya ahadi na uvumi, kati ya deni na deni lililokwisha kulipwa. Tena twasema kwamba mtoto asemaye Kiswahili haingii katika somo hilo mikono mitupu.

LUGHA MBILI KATIKA NYUMBA MOJA

Kwanza tukumbuke jinsi Kifaransa kilivyofika. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na mji wa Kolwezi ulianza mwaka 1937 kwa ajili ya machimbo ya magharibi. Wafanyakazi walitoka makabila mengi na nchi nyingi, wakasikilizana kwa Kiswahili. Katika shule za misheni na za kambi za wafanyakazi, watoto wengi walifundishwa kwa lugha za Kiafrika, na Kifaransa kilikuwa cha wachache walioendelea mbele.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 mambo yaligeuka. Mwaka 1962 Kifaransa kiliwekwa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Katika miaka ya 1970 lugha za taifa zilirudishwa katika madarasa ya chini. Leo katiba ya mwaka 2006 yasema kwamba lugha rasmi ni Kifaransa, na lugha za taifa ni nne: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba.

Kwa hiyo katika nyumba moja ya Kolwezi waweza kuwakuta babu aliyesoma kwa Kiswahili, baba aliyeanza shule kwa Kifaransa asichokielewa, na mtoto aliyeanza kwa lugha ya nyumbani halafu akavushwa. Wote watatu wanakutana mezani juu ya daftari moja. Je, watasaidianaje? Hilo ndilo swali letu.

KITENZI HUVAA WAPI NGUO ZAKE?

Tukitazame kwanza kitenzi chetu. Kuchimba kina ku- mbele. Tukiiondoa, twabakiwa na shina, chimba. Mbele ya shina hilo twaweka alama ya mtu, kisha alama ya wakati: ni-na-chimba, u-li-chimba, wa-ta-chimba. Watu wa Lualaba husema banachimba pale watu wa pwani wasemapo wanachimba, lakini kazi ni ile ile: mtu huja kwanza, halafu wakati, halafu tendo. Mtoto wa miaka minne afanya hivyo bila kufundishwa na mtu. Amekwisha kuwa fundi wa kugeuza vitenzi kabla hajaliona lango la shule.

Sasa tukitazame cha Kifaransa. Creuser kina -er, si mbele bali nyuma. Tukiiondoa, twabakiwa na shina, creus-. Shina hilo halibadiliki, na kwa sababu hiyo twasema ni kitenzi cha kawaida, kifuatacho kanuni. Katika wakati uliopo twapata hivi:

je creuse, ninachimba
tu creuses, unachimba
il creuse, elle creuse, anachimba
nous creusons, tunachimba
vous creusez, mnachimba
ils creusent, elles creusent, wanachimba

Basi tofauti ya kwanza ni hii: Kiswahili huvaa kofia, Kifaransa huvaa viatu. Alama zetu ziko kichwani mwa kitenzi, zao ziko miguuni. Mwanafunzi aliyezoea kusikiliza mwanzo wa neno ili ajue ni nani atendaye, yampasa sasa autazame mwisho wake.

Ajuaye jinsi ya kukivika kitenzi hiki viatu vyake amejua vitenzi maelfu. Katika kila vitenzi 10 vya Kifaransa, karibu 9 ni vya jamii hii ya -er. Parler ni kusema, donner ni kutoa, demander ni kuomba, laver ni kuosha, signer ni kutia sahihi, aider ni kusaidia: vyote hufuata njia moja. Hata vitenzi vipya vinavyozaliwa kwa sababu ya mashine mpya, kama téléphoner zamani na numériser karibuni, huingia katika jamii hii. Ndiyo maana walimu huanza hapo.

Hata hivyo mwanafunzi asidanganyike kwa -er peke yake. Aller, yaani kwenda, kina mkia uleule, lakini hakifuati kanuni: husemwa je vais, nous allons. Kadhalika manger na commencer huongeza alama ndogo katika nous mangeons na nous commençons. Hivi viwili havikuasi. Herufi e katika kimoja, na kile kijimkia chini ya c katika kingine, huwekwa ili sauti ya shina isiharibike.

SIKIO HALITOSHI

Twafika sasa mahali ambapo watoto wengi hujikwaa. Katika Kiswahili kila herufi iandikwayo husomwa. Tukiandika wanachimba, hakuna hata moja iliyonyamaza. Kwa hiyo mtoto wetu huliamini sikio lake: lisikialo sikio, mkono huandika.

Katika Kifaransa imani hiyo itamponza. Tuhesabu pamoja. Nafsi ni 6. Maandishi ya kitenzi ni 5: creuse, creuses, creusons, creusez, creusent. Lakini sauti ni 3 tu! Kwa maana creuse, creuses na creusent hutamkwa sawasawa. Ile -s ya tu haisikiki. Ile -ent ya ils haisikiki hata kidogo, ingawa ni herufi tatu nzima. Tena il creuse na ils creusent hulingana kabisa masikioni, mmoja achimbe au elfu wachimbe. Mbele ya vitenzi vianzavyo na irabu, kama aimer, sauti ya z hutokea katika ils aiment na kututambulisha wengi. Lakini mbele ya creuser hakuna msaada huo.

Tufikiri basi juu ya desturi ya darasani. Mwalimu asimama na fimbo yake ya kuonyeshea ubaoni, darasa zima laimba kwa sauti moja: je creuse, tu creuses, il creuse. Wimbo ni mzuri, nao wapita ukutani hadi nje. Lakini umefundisha nini? Umefundisha viwakilishi, na umefundisha -ons na -ez. Viatu vingine havikusikika, kwa hiyo havikufundishwa. Siku ya imla mtoto huandika ils creuse, nasi twasema ni mvivu. Si mvivu. Ameandika kwa uaminifu kile alichokisikia.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza kwa wanafunzi ni huu: kitenzi cha Kifaransa hujifunzwa kwa jicho na kwa mkono. Andika, funika, andika tena, kisha funua ulinganishe. Kuimba peke yake kwafanana na kuyahesabu magunia gizani.

Kwa sababu hiyo hiyo Kifaransa hakiwezi kukiacha kiwakilishi. Sisi twasema ninachimba, na mimi huongezwa tu tunapotaka kukaza. Mfaransa hawezi kusema creuse peke yake akaeleweka, isipokuwa anaamuru, maana viatu vimenyamaza. Yampasa aseme je, tu, il. Hapo mwanafunzi wetu hufanya kosa la namna mbili. Mara huiacha je, akidhani imo ndani ya kitenzi kama ni- yetu. Mara husema moi je katika kila sentensi, kana kwamba anagombana na mtu.

Kuna mitego mingine midogo. Kiswahili chasema anachimba kwa mwanamume na kwa mwanamke, lakini Kifaransa chawatenga: il na elle. Mtoto amwitaye mama yake il hakukosa adabu, ameifuata a- yetu tu. Tena vous hutumika kwa wengi, na pia kwa mtu mmoja tumheshimuye. Na hata awe mmoja, kitenzi chake huvaa -ez. Mwanafunzi amwandikiaye mwalimu wake mmoja aandike vous demandez, si vous demandes. Na katika mazungumzo, mahali pa nous, watu hupenda kusema on. Maana yake ni sisi, lakini kitenzi chake ni kama cha il: on creuse.

Lakini kwa kukanusha Kifaransa hutuhurumia. Kwetu ninachimba hugeuka kuwa sichimbi: kichwa chabadilika, katikati yabadilika, hata irabu ya mwisho yabadilika. Kwao kitenzi hakiguswi. Huwekwa kati ya maneno mawili, je ne creuse pas. Yeye awezaye kusema sichimbi, sikuchimba na sitachimba bila kukosea, aogope nini katika ne na pas?

WAKATI UJAO NA AHADI ZAKE

Katika wakati ujao kitenzi hakipotezi mkia wake. Creuser chote husimama imara, kisha huongezwa -ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont: je creuserai, tu creuseras, il creusera, nous creuserons, vous creuserez, ils creuseront. Hapa maandishi ni 6 kamili, na sauti tena ni 3.

Viatu hivyo vimetoka wapi? Wajuao Kilatini watafurahi kusikia. Watu wa kale walisema kitenzi, kisha wakaongeza neno lao la kuwa na kitu. Ni kama kusema, nina kuchimba, yaani ninayo kazi ya kuchimba mbele yangu. Maneno mawili yakashikamana, likawa moja. Nasi je? Alama yetu ya -ta- hudhaniwa na wataalamu kuwa imetoka katika kutaka: ninataka kuchimba ikafupishwa, ikawa nitachimba. Kwao, basi, wakati ujao ulizaliwa katika kuwa na kazi, kwetu katika kutaka. Njia ni mbili, lakini akili za wanadamu zafanana.

Kwa wakati uliopita wenye kuendelea twaweka -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient baada ya shina: je creusais, nilikuwa nikichimba. Na tukichukua ile creuser nzima ya wakati ujao, tukaivika viatu hivi vya wakati uliopita, twapata je creuserais, ningechimba. Hiyo -rais ndiyo -nge- yetu.

Sasa tuache darasa kidogo, twende kijijini. Sheria ya migodi ya Kongo iliyotengenezwa upya mwaka 2018 yazitaka kampuni zinazochimba ziandikiane na watu wa mahali pale juu ya kazi za maendeleo watakazozifanya, kama maji, shule, barabara au zahanati. Yazitaka pia kutenga angalau 0.3 kwa mia ya fedha za mauzo yao kwa kazi hizo. Ni jambo jema. Lakini karatasi za namna hiyo huandikwa kwa Kifaransa, nao wanaozishika mkononi ni wazee wa kijiji.

Tumfikirie mzee mmoja wa namna hiyo. Amwita mjukuu wake aliye darasa la sita, amwambia, «Soma, mwanangu, utueleze wamesema nini.» Mtoto asoma juu ya kampuni na maji. Je, imeandikwa donne, donnait, donna, donnera au donnerait? Shina ni moja, kutoa. Lakini tazama:

La société donne de l'eau: kampuni inatoa maji.
La société donnait de l'eau: kampuni ilikuwa ikitoa maji.
La société donna de l'eau: kampuni ilitoa maji, nayo yamepita.
La société donnera de l'eau: kampuni itatoa maji.
La société donnerait de l'eau: kampuni ingetoa maji.

Hiyo ya nne ni ahadi. Mzee aweza kurudi nayo baada ya mwaka mmoja, akaweka kidole juu yake na kuuliza, «Maji yako wapi?» Hiyo ya tano si ahadi. Yangoja neno kama, si, litakaloifuata. Na katika magazeti hutumika hata kwa habari isiyothibitishwa, yasemekana kampuni itatoa. Kati ya ahadi na yasemekana kuna herufi mbili tu, i na t. Kisima cha kijiji kizima chaweza kutegemea herufi hizo.

Twaambiwa pengine kwamba sarufi ni ya watu wa ofisini. Twajibu kwamba watu wa ofisini wanaijua tayari. Anayeihitaji zaidi ni yule ambaye karatasi ya ofisini humjia nyumbani.

KULIPA NA KULIPWA

Tutoe mfano mmoja tena, ulio karibu zaidi na mfuko. Payer ni kulipa, nacho ni cha jamii ya -er. Sasa, payer, payé na payez hutamkwa sawasawa. Sikio halina la kuamua. Lakini juu ya karatasi ya duka au ya shule, à payer maana yake ni ya kulipwa, deni lipo. Na payé maana yake imelipwa, deni limekwisha. Mtu akiichanganya -r na ile alama ndogo juu ya é, aweza kulipa mara mbili, au kudhani amelipa naye bado.

Walimu wana dawa ya zamani: badala ya kitenzi cha -er weka vendre, kuuza, ambacho sauti zake hazifichani. Il faut payer, il faut vendre: basi ni -er. J'ai payé, j'ai vendu: basi ni -é. Vous payez, vous vendez: basi ni -ez. Dawa hiyo ni nzuri, lakini yamtaka mtoto awe amekwisha kukijua vendre.

Sisi twaongeza dawa nyingine iliyomo nyumbani mwetu. Sema sentensi yako kwa Kiswahili. Ukisikia ku-, kama katika yafaa kulipa, andika -er. Ukisikia -me- au -li-, kama katika nimelipa, imelipwa, iliyolipwa, andika -é. Ukisikia mna-, kama katika mnalipa, andika -ez. Ila ukumbuke jambo moja: baada ya vineno à, de, pour na sans, kitenzi hubaki na -er daima, hata kama Kiswahili chake chasema vingine. Il vient de payer maana yake ni amelipa sasa hivi, lakini -er haiondoki kwa sababu ya de.

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Kuna wazazi, hata na walimu, wanaodhani kwamba mtoto akizungumza Kiswahili nyumbani atakisahau Kifaransa, hivyo humkemea. Sisi twaona kinyume. Mtoto ambaye masikio yake yametenganisha sawasawa kulipa, nimelipa na ningelipa amekwisha kuzijua nyakati. Kinachombakia ni kujua kila moja huvaa viatu gani huko ng'ambo. Lakini asiyezijua katika lugha ya mama yake atazikariri tu kama majina ya vituo vya treni asiyowahi kuipanda.

MAMA AWEZA KUKAGUA DAFTARI

Twajua mama mmoja na mwingine atasema, «Mimi sikusoma Kifaransa. Nitamsaidiaje mtoto?» Mama, waweza. Maswali mawili yatosha, nayo ni ya Kiswahili: nani? na lini? Mtoto akiandika sentensi, mwulize, «Nani anachimba?» Akijibu, «Wao,» na lini ni sasa, tazama mwisho wa kitenzi: je, ziko herufi tatu, e, n, t? Akijibu, «Wewe,» je, iko s? Akijibu, «Sisi,» je, iko o, n, s? Akisema jambo ni la kesho, je, unaiona r kabla ya mwisho? Hakuna haja ya kutamka neno lolote. Viatu vya Kifaransa ni vya kuonekana kuliko kusikika, na jicho la mama halikuhitaji cheti cha shule. Karatasi ndogo yenye nafsi sita na miisho yake, ikibandikwa ukutani karibu na taa, itafanya kazi ya mwalimu wa pili.

Nanyi akina baba mnaorudi jioni na vumbi la machimbo mabegani, msiwaachie mama peke yao kazi hiyo. Mnakijua kitenzi creuser kuliko kitabu chochote. Mwambie mwanao, «Mimi ninachimba, andika.» Ataandika je creuse. «Mimi na wenzangu tunachimba, andika.» Ataandika nous creusons. «Jana tulichimba.» Ataandika nous avons creusé. Kisha mwulize na la mwisho, «Na wewe kesho?» Hapo achague mwenyewe kitenzi chake.

Maana wako watoto wengi huko Lualaba waliokijua kitenzi hicho kwa mikono kabla ya kukijua kwa kalamu. Wamechimba, wamepepeta, wameosha mawe mitoni, hali wenzao wako darasani. Tangu Septemba mwaka 2019 serikali imetangaza kwamba shule za msingi za umma hazitozi ada. Lakini tumbo lenye njaa halisomi, na daftari halijinunui. Hatuwahukumu wazazi walio katika shida. Twasema tu kwamba kila mwaka mtoto akaao shuleni ni mwaka atakaokuja kuutumia siku karatasi itakapowekwa mbele yake ili atie sahihi. Signer nacho ni kitenzi cha kawaida. Je signe huandikwa upesi. Lakini anayejua kusoma yaliyo juu ya mstari ule hutia sahihi kwa namna nyingine kabisa.

Nanyi wanafunzi, msikichukie kitenzi kwa sababu ya mikia yake iliyonyamaza. Kichukueni kimoja kila jioni, kama parler leo na demander kesho. Kiandikeni katika nafsi zake sita, kwa wakati uliopo, uliopita na ujao, kisha tungeni sentensi moja ya kweli juu ya nyumba yenu. Baada ya wiki chache mkono utajua wenyewe. Siku moja mtaandika barua ya kuomba kazi, na mwenye kuisoma hatawaona nyuso zenu. Ataona je demande iliyoandikwa sawasawa. Na siku nyingine babu atawaita, atawapa karatasi, atasema, «Soma, mwanangu.»

Siku hiyo msome polepole, hata herufi zile zisizosikika.